Namba ni ya Redio, Jina ni la Kituo: Namna ya Kutafuta na Kutambua Stesheni za FM Musoma, Bunda na Butiama

Toyota IST au Probox iliyoshuka melini Dar es Salaam ikifika Musoma, dereva wake hakawii kuigusa redio. Anabonyeza SEEK. Namba zinaanza 76.0, zinapanda, zinafika 90.0, kisha zinarudi 76.0 na kuanza safari upya. Labda inanaswa stesheni moja au mbili karibu na 88 au 89, basi. Jirani mwenye kiredio cha betri anasikiliza stesheni kumi na kitu. Gari la mamilioni halina hata nusu yake. Hukumu inayotolewa hapo ni moja: redio mbovu, itolewe, inunuliwe nyingine.

Mara nyingi redio hiyo ni nzima kabisa. Inafanya kazi iliyotengenezewa, ila ilitengenezewa Japani. Mwongozo huu unaeleza redio ya FM inavyotafuta stesheni, inavyoandika namba na jina kwenye kioo, na nini cha kufanya pale kioo kinaposema jambo moja na mtangazaji jingine. Umeandikwa kwa ajili ya msikilizaji wa Musoma, Bunda na Butiama: mwenye gari, mwenye sabufa sebuleni, na mwenye kitochi mfukoni.

Anza hapa: nani anaandika nini

Kioo cha redio huonyesha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Namba, yaani masafa kwa megahetzi, inaandikwa na redio yenyewe. Kituo hakitumi namba hiyo ili isomwe. Redio inajipima imejiweka wapi kwenye bendi, kisha inaandika.

Jina, kama lipo, linaandikwa na kituo. Linasafiri hewani pamoja na sauti, na redio inalinakili tu.

Tofauti hiyo ndiyo itakayokuokolea muda na fedha za fundi. Namba ikiwa ya ajabu, kagua redio yako. Jina likikosekana au likiwa la ajabu, redio yako huenda haina kosa lolote: ama kituo hakitumi jina, ama mawimbi yanakufikia yakiwa dhaifu.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam hakuna aliyehitaji kujua hayo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, ilirushwa na shirika moja, na mshale wa redio ulikuwa hautoki pale ulipowekwa. Mambo yalibadilika baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi. Radio One ilifuata mwaka 1994, na leo bendi ya FM ina msongamano hata kwenye miji midogo. Mkoani Mara, Victoria FM iko Musoma, Mazingira FM iko Bunda, TBC Taifa inasikika, na vituo vya Mwanza na Dar es Salaam navyo vina mitambo yao. Bado hujahesabu Kenya.

Redio inatafutaje

Bendi ya FM tunayotumia Tanzania inaanza 87.5 hadi 108. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta, redio inapanda hatua moja, inapima nguvu ya mawimbi mahali hapo, na kama hayatoshi inapanda hatua nyingine. Ikikuta mawimbi yenye nguvu ya kuvuka kiwango ilichowekewa kiwandani, inasimama.

Kuna mambo mawili hapo yanayowaponza wengi.

La kwanza ni kiwango chenyewe. Redio nyingi za gari zina alama LOC. Ikiwaka, redio inasimama kwenye stesheni zenye nguvu tu, yaani za karibu. Hiyo inafaa katikati ya Dar es Salaam. Ukiwa kijijini Butiama unataka hata stesheni ya mbali, kwa hiyo LOC izimwe. Baadhi ya redio huandika DX kwa hali ya kutafuta mbali.

La pili ni ukubwa wa hatua. Redio zilizopangwa kwa ajili ya Ulaya hupanda kwa 0.05 au 0.1. Zilizopangwa kwa ajili ya Marekani hupanda kwa 0.2 na kutua kwenye desimali witiri peke yake: 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni iliyopo 90.6 au 92.0 inarukwa, kana kwamba haijawahi kuwapo. Ukiona redio yako haitui kamwe kwenye desimali shufwa, ugonjwa ni huo, na tiba yake iko kwenye mipangilio, si kwa fundi.

> VITUFE NA ALAMA: KILA MOJA NA KAZI YAKE
>
> SEEK: inatafuta stesheni moja inayofuata na kukaa hapo.
> SCAN: inapita stesheni zote, inakuonjesha sekunde chache kila moja.
> AS, AMS au BSM: inatafuta na kuhifadhi yenyewe kwenye namba za kumbukumbu.
> LOC / DX: za karibu tu / hata za mbali.
> ST au STEREO: kituo kinarusha kwa stereo na redio imeinasa hivyo.
> MONO: inapunguza mchakaricho pale mawimbi yanapokuwa dhaifu.
> RDS: kituo kinatuma maandishi pamoja na sauti.
> AF, TA, CT, PTY: huduma za RDS, zinaelezwa mbele.

Sasa twende chombo kwa chombo

*Redio ya mshale*

Hii haina kioo wala utafutaji wa kujiendesha. Sogeza gurudumu taratibu mpaka sauti isafike, kisha endelea kidogo mpaka ianze kuharibika, halafu rudi katikati ya pande hizo mbili. Usiamini sana namba zilizochapwa kwenye kipimo. Kosa la nusu megahetzi ni la kawaida. Weka alama ya kalamu kwenye stesheni unazozipenda. Ni njia ya kizamani, na bado inafanya kazi kuliko vitufe vingi.

*Kitochi na simu kubwa*

1. Chomeka waya wa spika za masikioni hata kama utasikilizia spika ya simu. Kwenye simu nyingi waya huo ndio antena. Simu chache zina antena ya ndani, lakini waya bado unasaidia.
2. Unyooshe waya, usiukunje mfukoni. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na robo yake, sentimita 75, ndiyo urefu unaofaa antena ya kawaida.
3. Fungua programu ya redio, chagua kutafuta zote. Fanya hivyo ukiwa nje au dirishani.
4. Orodha ikikamilika, pitia moja moja na uzibadilishe majina kwa mkono. Simu nyingi huandika "Channel 1, Channel 2", jambo lisilomsaidia mtu.
5. Ukihama mji, rudia hatua ya 3. Orodha ya Musoma haina kazi Mwanza.

Simu nyingi mpya za bei kubwa hazina redio ya FM kabisa. Programu zinazoitwa redio kwenye simu hizo zinatumia bando la intaneti, kwa hiyo haya ya masafa na antena hayazihusu.

*Sabufa*

Sabufa za sebuleni ndizo zinazolalamikiwa zaidi, na mara nyingi tatizo liko nyuma yake: kile kiwaya chembamba cha antena kimebaki kimeviringishwa na kufungwa kama kilivyotoka kwenye boksi. Kifungue, kinyooshe, kitundike ukutani mbali na televisheni na chaja za simu, maana hivyo vyote hutoa kelele za umeme.

Kisha weka kwenye FM na ubonyeze kitufe cha pleyi, ama kwenye sabufa yenyewe ama kwenye rimoti. Sabufa nyingi huanza kutafuta zenyewe na kuhifadhi kila zinachokuta. Usiguse kitu mpaka namba zisimame. Kosa la kawaida ni mtoto kubonyeza pleyi tena katikati ya kipindi akidhani anasimamisha sauti: utafutaji unaanza upya na kumbukumbu yote inaandikwa upya. Kama ilikuwa usiku wa dhoruba na stesheni nyingine zilikuwa dhaifu, zitakosekana asubuhi, na lawama zitamwangukia mtangazaji.

*Gari la Kijapani*

Hapa ndipo penye somo refu, kwa sababu magari mengi tunayoyaendesha yalianza maisha Japani.

Japani iliigawia FM masafa ya 76 hadi 90. Juu ya hapo, kuanzia 90 hadi 108, palikuwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni ya analogia. Ndiyo maana redio nyingi za magari ya zamani ya Kijapani zina maandishi ya TV karibu na namba: zilikuwa zinasikiliza sauti ya televisheni. Analogia ilizimwa sehemu kubwa ya Japani Julai 2011, na baadaye kipande cha 90 hadi 95 kikapewa redio. Kwa hiyo gari jipya zaidi linaweza kufika 95, lakini gari la miaka ya 2000 linaishia 90.

Hesabu ni rahisi. Bendi yetu inaanza 87.5, redio ya Kijapani inaishia 90. Kinachoingiliana ni megahetzi mbili na nusu peke yake. Stesheni yoyote iliyo juu ya 90, redio hiyo haiifikii hata ukiiwekea antena ya mnara.

Njia ni mbili: kubadilisha redio, au kufunga kikonveta, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kikonveta kinayashusha mawimbi yote kwa kiasi maalumu kabla hayajaingia redioni. Tuseme kinashusha 16. Stesheni ya 94.2 itaonekana 78.2. Mtangazaji ataapa yuko 94.2 na kioo kitaapa 78.2, na wote wawili watakuwa wakweli.

> KIKONVETA KINAKUFIKISHA WAPI
> (kwenye redio ya 76 hadi 90)
>
> Kinachoshusha 12: unasikia 88 hadi 102
> Kinachoshusha 14: unasikia 90 hadi 104
> Kinachoshusha 16: unasikia 92 hadi 106
> Kinachoshusha 18: unasikia 94 hadi 108
> Kinachoshusha 20: unasikia 96 hadi 108

Angalia vizuri kisanduku hicho. Hakuna mstari hata mmoja unaofunika kutoka 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani ina nafasi ya megahetzi 14. Bendi yetu ina 20 na nusu. Muuzaji anayekwambia kikonveta chake kinaleta stesheni zote ama hajui hesabu au anajua biashara. Kwa hiyo usinunue kabla ya kufanya haya:

1. Andika stesheni tano unazozisikiliza zaidi na namba zake halisi, kwa kutumia redio ya jirani au simu.
2. Tazama kisanduku uone ni kikonveta kipi kinazibeba nyingi zaidi.
3. Muulize muuzaji kinashusha ngapi. Mara nyingi imechapwa kwenye kiboksi. Kama hajui na haijaandikwa, kiache.
4. Baada ya kufungwa, tafuta stesheni moja unayoijua. Toa namba ya kwenye kioo kutoka namba halisi. Jibu ndilo unalopaswa kuliongeza kwenye kila namba utakayoiona kuanzia siku hiyo.
5. Bandika karatasi ndogo karibu na redio: "Ongeza 16." Dereva wa zamu nyingine atakushukuru.

Usitegemee jina kutokea kwenye redio hizi. Japani haikutumia RDS, hivyo redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko lake hazina uwezo wa kulisoma.

Kama unatumia kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti ili kurusha muziki wa flashi kwenda redioni, na huna kikonveta, kipange kirushe kati ya 87.5 na 89.9. Huko juu ya 90 redio yako haisikii. Tafuta namba isiyo na stesheni, la sivyo utagombana na matangazo kila ukipita karibu na mnara.

*Redio ya Android na redio mpya za gari*

Ukiamua kubadilisha redio yote, kazi ya kwanza baada ya kufunga ni kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya redio, na kutafuta neno Region au Area. Utaona Japani, Marekani, Ulaya, China na hata Urusi. Chagua Ulaya, ambayo kwa kawaida huenda 87.5 hadi 108 kwa hatua ndogo. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa haraka, na mteja anakaa miaka na redio mpya inayosikia nusu ya bendi.

Jina kwenye kioo: RDS inavyofanya kazi

RDS ilibuniwa Ulaya, chini ya umoja wa mashirika ya utangazaji ya bara hilo, na kuchapishwa rasmi mwaka 1984. Kituo kinapachika data kwenye kilohetzi 57 ndani ya mawimbi yake yaleyale, juu ya sauti, mahali ambapo sikio halifiki. Mwendo wake ni mdogo sana: biti 1,187.5 kwa sekunde. Picha moja ya simu ingechukua saa kadhaa kupita humo. Ndiyo maana kila kitu kwenye RDS ni kifupi.

Jina la kituo lina nafasi ya herufi nane tu, pengo likiwa ndani yake. Jaribu mwenyewe: VICTORIA ni herufi nane kamili, ila hapabaki nafasi ya neno FM. BUNDA FM inaingia bila kubanwa, na pengo lake. MAZINGIRA ni tisa, kwa hiyo herufi moja lazima ife. TBC TAIFA nayo ni tisa ukihesabu pengo. Ikiunganishwa TBCTAIFA inaenea. Ukiona jina limekatwa mkia kwenye kioo, kioo hakijaharibika.

Jina hilo linatumwa herufi mbili mbili, mara nne. Mawimbi yakiwa dhaifu baadhi ya jozi zinapotea njiani, na unaweza kuona jina limejaa mapengo kwa muda, au lisitokee kabisa huku sauti ukiisikia vizuri tu. Sauti huvumilia udhaifu kuliko data. Usihitimishe kwamba kituo hakina RDS mpaka umesogea mahali pa wazi na kusubiri dakika moja.

Zaidi ya jina, kuna mengine:

Maandishi marefu, hadi herufi 64: jina la wimbo, la kipindi, namba ya simu ya studio. Kwenye redio nyingi hufunguliwa kwa kitufe cha DISP au TEXT.

AF ni orodha ya masafa mengine ya kituo kilekile, hadi 25. Redio ikiona mnara wa kwanza unadhoofika, inajaribu mwingine yenyewe. Kwa basi la Mwanza kwenda Sirari kupitia Bunda ingekuwa raha tupu, lakini inafanya kazi pale tu kituo kinapotuma orodha hiyo.

CT ni saa. Kituo hutuma saa kila dakika, na gari linajirekebisha. Kama kompyuta ya studio imekosewa saa, saa ya gari lako itakosea nayo. Ukiona saa ya gari inaruka kila ubadilishapo stesheni, zima CT.

TA ni matangazo ya hali ya barabara. Huko Ulaya husaidia. Kwa dereva wa Nyasho au Makoko mjini Musoma, kazi yake kubwa ni kuleta usumbufu.

PTY ni aina ya kipindi, na inatumwa kama namba, si maneno. Redio ndiyo inayogeuza namba kuwa neno, kwa orodha iliyo ndani yake. Orodha ya Ulaya na ya Marekani hazifanani: namba 10 Ulaya ni muziki wa pop, Marekani ni muziki wa country. Redio yenye mipangilio ya Marekani inaweza kukuandikia "Country" huku spika zinapiga Bongo Fleva.

> ONYO LINALOSTAHILI KISANDUKU CHAKE
>
> Kwenye redio nyingi za gari, AF ikiwashwa, SEEK na BSM husimama kwenye stesheni zenye RDS peke yake. TA ikiwashwa, husimama kwenye zile zinazotoa matangazo ya barabara peke yake. Kituo kizima cha jamii, chenye sauti safi na mnara wa karibu, kinarukwa kwa sababu hakitumi data. Kabla ya kutafuta stesheni mkoani Mara, zima AF na TA. Ukishamaliza na kuhifadhi, washa AF kama unaona ina faida.

Mara ina mambo yake

Mawimbi ya FM hupenda kuonana uso kwa uso na antena. Musoma iko kwenye rasi, maji pande zake, na juu ya ziwa hakuna kilima cha kuyazuia. Katika hali fulani za hewa, hasa usiku na alfajiri, hewa ya juu ya ziwa huyapinda mawimbi na kuyafikisha mbali kuliko kawaida. Hapo stesheni ya ng'ambo inaweza kuibuka pale ilipokuwa kimya jana, na ifikapo saa nne asubuhi imeyeyuka. Usiihifadhi stesheni uliyoikuta usiku mmoja. Isubiri mchana uone kama bado ipo.

Butiama ni kinyume chake: bara, mwinuko, majabali. Anayefika Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere na mahali alipozikwa, atakuta kwamba hatua chache kutoka nyuma ya jabali kwenda mahali pa wazi zinabadilisha kabisa redio inachonasa. Unapotafuta stesheni huku, panda kwanza, tafuta baadaye. Na ikiwa stesheni inasikika kwa mchakaricho, weka MONO. Stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Mono itakupa sauti tulivu, hata kama spika zote zitatoa sauti ileile.

Kuelekea Tarime na Sirari, vituo vya Kenya vinaingia, vingine kwa Kiswahili, vingine kwa Kijaluo kama Ramogi FM. FM ina tabia ya kumpa mwenye nguvu uwanja wote: mitambo miwili ikigongana kwenye masafa mamoja, redio humshika mkubwa na kumfuta mdogo. Barabarani unaweza kusikia kipindi cha Tanzania kikikatwa ghafla na cha Kenya, kikarudi baada ya kona.

Ukiwa karibu sana na mnara mambo hugeuka. Redio ya bei nafuu inalemewa, na stesheni moja inajitokeza sehemu mbili au tatu za bendi. Hifadhi ile yenye sauti safi zaidi, na ikibidi ufupishe antena au uwashe LOC.

Namba nazo hazisafiri na kituo. Mkazi wa Dar es Salaam anajua 88.5 ni Clouds FM na 88.9 ni Wasafi FM. Akifika Bunda, namba hizo hazimwahidi chochote, kwa sababu kila mnara unapewa masafa yake na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ili majirani wasigongane. Redio nyingine hukumbuka jina pamoja na namba, hivyo kioo kinaweza kuendelea kuandika jina la stesheni ya Dar es Salaam huku unayemsikia ni mwingine kabisa. Ukihama mkoa, futa kumbukumbu, tafuta upya.

Jinsi ya kukitambua kituo kisicho na jina kwenye kioo

1. Sikiliza mwanzo wa saa. Vituo vingi hujitambulisha kabla ya habari, na mara nyingi hutaja masafa ya kila mji.
2. Sikiliza matangazo ya biashara. Duka lililoko Nyasho au Bunda mjini linakwambia mnara uko wapi.
3. Kuwa macho na vipindi vya kuunganishwa. Ukisikia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle hujanasa Ujerumani. Ni kituo cha hapa kinachoirusha. Subiri kipindi kiishe.
4. Andika namba, jina, mji na saa uliyoisikia.

Makosa yanayorudiwa kila siku

Kutafuta stesheni ndani ya chumba cha bati na nondo, kisha kulaumu redio. Kutafuta wakati gari linatembea, hivyo nusu ya stesheni zinapotea njiani kabla ya kuhifadhiwa. Kukata waya wa antena kwa sababu unakera macho. Kubadilisha redio kabla ya kuchungulia mipangilio ya eneo. Kufunga kikonveta kwenye redio ambayo tayari inafika 108. Hilo nalo hutokea, na huvuruga usikivu wa redio iliyokuwa nzima.

Tahadhari

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani. Antena iliyopandishwa juu ya bati au mti ni mwaliko. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa antena na wa umeme, na usishike waya huo wakati mvua inanguruma.

Dereva asisome maandishi ya RDS akiwa kwenye mwendo. Baadhi ya vituo hutembeza matangazo kwenye nafasi ya jina, na macho huvutwa bila kujua. Mwachie abiria, au zima.

Usinunue kifaa cha kurushia matangazo ya FM cha kufikia mtaa mzima kwa kuwa tu kinauzwa. Kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa kisheria.

> KABLA HUJAENDA KWA FUNDI
>
> ☐ Antena imenyooka na imechomekwa?
> ☐ Eneo kwenye mipangilio ni Ulaya?
> ☐ LOC, AF na TA zimezimwa?
> ☐ Redio inafika 108, au inaishia 90?
> ☐ Kama kuna kikonveta, unajua kinashusha ngapi?
> ☐ Umejaribu nje, mahali pa wazi, mchana?
> ☐ Redio ya jirani inaisikia stesheni hiyohiyo, saa hiyohiyo?

Swali la mwisho ndilo kali kuliko yote. Kama redio ya jirani nayo haisikii, tatizo liko kwenye mnara au kwenye mgongano wa masafa. Kipigie kituo simu, maana mafundi wao hawawezi kujua kinachosikika kwako. Mgongano ukiendelea siku nyingi, malalamiko yapelekwe TCRA, yakitaja masafa, mahali na saa.

Na kwa wenye vituo vya Musoma na Bunda: mkifunga RDS, wekeni jina moja lisilotembea katika zile herufi nane, tumeni AF kama mna mnara zaidi ya mmoja, na rekebisheni saa ya kompyuta ya studio. Kwa msikilizaji mwenye redio ya Kijapani isiyosoma jina, tajeni masafa yenu kwa sauti kila saa inapoanza.